Jikoni mwetu: Makaroni ya furu yanaiva mara mbili

 

Juma hili tunaongea juu ya makaroni ya furu, yale yanayopangwa katika sahani pamoja na sosi na fromaji, kisha yanaokwa mpaka juu yanakuwa na rangi ya dhahabu. Katika mikutano yetu swali hili linarudi mara kwa mara, na karibu kila mara linatoka kwa mtu anayeanza: «Kwa nini yangu yanakuwa kama bugali?» Mwingine anauliza kinyume: «Kwa nini yangu yanatoka makavu, juu yanavunja meno?»

Tunalichukua swali hili kwa uzito. Makaroni ya furu si chakula cha kila siku kwetu. Tunayapika siku ya ubatizo, siku ya komunio, tarehe 8 Machi, au siku wageni wa ndoa wanapokuja. Pakiti za makaroni, maziwa, margarini, fromaji na nyama ni pesa nyingi kwa siku moja. Mara nyingine ni pesa za likelemba ambazo mama amezingojea miezi mingi. Binti akiharibu sahani hiyo mbele ya shangazi na mashemeji, hapotezi chakula peke yake. Anapoteza moyo, na mara ijayo anakataa kusimama jikoni. Tunataka asifike hapo, na dawa yake ni ndogo.

Neno moja la kushika

Dawa ni hii: makaroni ya furu yanaiva mara mbili. Mara ya kwanza ndani ya maji, mara ya pili ndani ya sosi. Kwa hiyo mara ya kwanza usiyaivishe mpaka mwisho. Yatoe kwenye maji yakiwa bado yana ugumu katikati, ili yapate kazi ya kufanya ndani ya furu.

Makaroni ni unga wa ngano uliokandwa na maji, ukapewa umbo, ukakaushwa. Ndani yake kuna wanga. Wanga ukikutana na maji ya moto unakunywa, unavimba, unalainika, sawa na unga wa muhogo au wa mahindi tunaposonga bugali. Makaroni yaliyoiva kabisa yamekunywa ya kutosha. Ukiyatia tena ndani ya sosi ya moto kwa nusu saa, yataendelea kunywa na kuvimba mpaka yapasuke na kushikamana. Hapo ndipo bugali inapozaliwa.

Lakini yakitolewa mapema, yana kiu bado. Yanakunywa sosi badala ya maji, na ladha ya nyama, tomati na kitunguu inaingia mpaka ndani. Ndiyo maana makaroni yaliyookwa vizuri ni matamu kuliko makaroni yaliyochemshwa na kumwagiwa sosi juu.

Na yule ambaye yake yanatoka makavu? Mara nyingi yeye aliyatoa mapema vizuri, lakini sosi ilikuwa kidogo au nzito mno. Makaroni yalikunywa yote, yakamaliza, na ya juu yakabaki yakipigwa na moto mkavu. Kwa hiyo mambo mawili yanakwenda pamoja: makaroni magumu kidogo, sosi nyepesi kidogo.

Kuchagua makaroni sokoni

Kwa kuoka, chukua makaroni mafupi na manene: yale ya bomba, yale ya kiwiko yaliyopinda, au yale yenye mistari ubavuni. Tundu na mistari vinashika sosi. Spageti inaweza kuokwa, lakini ni nyembamba, inaiva haraka na inasamehe kidogo. Anayeanza aanze na bomba.

Tazama pia rangi. Makaroni ya ngano ngumu yana rangi ya manjano kidogo, na ukiyavunja yanalia «ka!» kama kijiti kikavu. Hayo yanavumilia moto mara mbili. Yaliyotengenezwa kwa unga wa ngano ya kawaida, ile ya mkate, mara nyingi ni meupe zaidi, yanalainika mbio na maji yake yanakuwa kama uji. Huko Italia, kwenye asili ya chakula hiki, sheria ya mwaka 1967 iliamuru makaroni makavu yatengenezwe kwa ngano ngumu. Haikuwa maringo: ngano ile ndiyo inayosimama ndani ya maji. Ukikosa ya manjano, nunua meupe, lakini punguza muda wa maji na usiondoe macho kwenye sufuria.

Kama muuzaji anapima kwa kikombe kutoka gunia lililo wazi, angalia kama kuna vijidudu na vipande vilivyovunjika. Vipande vidogo vinaiva kabla ya vizima na vinageuka uji.

Maji, chumvi, na moto

Kwa pakiti ya gramu 500 weka maji litre 3 au zaidi kidogo. Vitabu vya Wazungu vinasema litre 5, lakini tunajua bidoni ya maji ina uzito gani mgongoni. Litre 3 zinatosha ukikoroga vizuri.

Funika sufuria ili maji yachemke haraka. Yakichemka kwa nguvu, tia chumvi: kijiko kimoja na nusu cha mezani. Inaonekana nyingi, lakini sehemu kubwa inamwagwa pamoja na maji. Makaroni yasiyopata chumvi ndani ya maji yatabaki bila ladha hata sosi iwe tamu namna gani.

Usitie mafuta ndani ya maji. Wengi wetu tulifundishwa hivyo ili makaroni yasishikamane. Mafuta yanaelea juu na makaroni yako chini, hayakutani. Yanakutana tu wakati wa kumwaga, na hapo mafuta yanapaka makaroni, sosi inateleza na kukataa kushika. Kinachozuia kushikamana ni mwiko. Tia makaroni maji yakiwa yanachemka, kisha koroga mfululizo kwa dakika 2 za kwanza. Wakati huo ndipo wanga wa nje unapokuwa kama gundi. Baada ya hapo koroga mara moja moja.

Dakika za pakiti hazikuandikwa kwa milima yetu

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawajui, na ndilo linaloleta mabishano mengi jikoni. Pakiti inasema dakika 9. Mama wa Bukavu anahesabu 9, anaonja, anakuta bado. Dada yake wa Kinshasa anahesabu 9, yameiva. Hakuna anayedanganya.

Maji hayachemki kwa joto lilelile kila mahali. Karibu na bahari yanachemka kwa digrii 100. Kadiri unavyopanda mlima, hewa inakuwa nyepesi na maji yanachemka kwa joto dogo zaidi. Ziwa Kivu liko karibu metre 1,460 juu ya bahari, na miji ya Goma na Bukavu iko kando yake na inapanda kwenda juu zaidi. Huku kwetu maji yanachemka kwa digrii 95 hivi. Lubumbashi, kwenye metre 1,200 hivi, ni karibu 96. Uvira na Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, ziko chini zaidi, karibu 97. Ndiyo sababu moja maharage yetu ya Kivu yanakaa sana motoni na kula makala mengi.

Kuna somo la mfuko pia. Maji yakishachemka, kuongeza makala hakuongezi joto lake. Yataruka na kupungua tu, lakini digrii ni zilezile. Kwa hiyo maji yakichemka, acha moto wa kutosha kuendelea kuchemka, usichome zaidi.

Basi, utajuaje wakati wa kutoa? Kwa jino, si kwa saa. Kama pakiti inasema dakika 9, anza kuonja dakika ya 6 hata ukiwa mlimani. Toa moja kwa kijiko, lipoze, liume katikati, kisha tazama mahali ulipokata:

1. Ukiona duara nene jeupe kama chaki, na linavunjika, bado.
2. Ukiona nukta au uzi mwembamba mweupe katikati, nje ni laini na jino linakutana na ugumu kidogo, hapo hapo! Mwaga maji.
3. Usipoona cheupe chochote, yameiva kwa kula na sosi ya kumwagia juu. Kwa furu yamepita. Usiyatupe: yale hivyo hivyo leo, na kuoka kuwe siku nyingine.

Huko Bukavu au Goma, kwa pakiti ya dakika 9, nukta hiyo inaonekana mara nyingi kati ya dakika ya 7 na ya 8. Lakini jino lako lina neno la mwisho.

Kumwaga, na kikombe cha akiba

Kabla ya kumwaga, chota kikombe kimoja cha maji ya makaroni na ukiweke pembeni. Maji hayo yana wanga na chumvi, ni mazuri ya kulegeza sosi ikiwa nzito.

Mwaga kwenye pasuwari au chujio. Kama huna, shika kifuniko na vitambaa viwili vikavu, na wewe usimame juu ya upepo, mvuke uende mbali na uso. Watoto wawe mbali. Sufuria ya maji ya moto na mtoto anayetambaa havikai pamoja. Ikitokea bahati mbaya, mtoto akachomwa na maji, mwagia mahali hapo maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20, kisha mpeleke kwenye kituo cha afya. Usipake margarini, dawa ya meno wala mafuta.

Je, kuosha makaroni kwa maji baridi? Kama sosi iko tayari, hapana. Changanya mara moja, wanga wa nje unasaidia sosi kushika. Kama sosi haiko tayari, au unapika ya watu wengi, ndiyo: maji safi baridi yanazuia yasiendelee kuiva na joto lake yenyewe. Yachuje vizuri na uyachanganye na kijiko kimoja cha mafuta ili yangoje bila kushikana. Lakini ni vizuri zaidi kutengeneza sosi kwanza na makaroni baadaye. Sosi inaweza kungoja makaroni, makaroni hayawezi kungoja sosi.

Sosi mbili za kuanzia

Kwa gramu 500 za makaroni unahitaji sosi ya litre moja hivi. Ikiwa ndani ya sufuria, ionekane nyepesi kuliko unavyopenda kuila. Makaroni yatakunywa.

*Sosi nyeupe.* Yeyusha vijiko 4 vya mezani vya margarini kwa moto mdogo. Tia vijiko 6 vya unga wa ngano, koroga dakika 2 bila kuacha ugeuke rangi. Tia maziwa litre moja kidogo kidogo, mwanzoni nusu kikombe tu, ukikoroga mpaka laini kabla ya kuongeza. Anayemwaga maziwa yote mara moja atapata mabonge. Maziwa ya unga yanafaa, fuata kipimo kilichoandikwa kwenye mkebe. Acha ichemke polepole dakika 5, tia chumvi na pilipili nyeusi kidogo. Mabonge yakitokea, pitisha kwenye chujio, hakuna atakayejua.

*Sosi ya tomati na sambaza.* Hii ni ya mfuko mwepesi na ya wasiopata maziwa. Kaanga vitunguu 2 mpaka vilainike, tia tomati 6 zilizokatwa na kijiko kimoja cha tomati ya mkebe, kitunguu saumu, na pilipili ukipenda. Zikishayeyuka, tia vikombe 2 vya sambaza kavu zilizotolewa vichwa, kuoshwa na kukaangwa, pamoja na maji ya kutosha kufika litre moja. Sambaza si wa asili ya ziwa letu: waliletwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ni nyama ya watu wengi. Ndani ya makaroni wanakaa vizuri sana. Nyama ya kusaga inaweza kushika nafasi yao siku kukiwa na pesa.

Juu weka fromaji iliyokunwa. Ile ya Masisi, inayouzwa kwa magurudumu, ni nzuri kwa kazi hii: inayeyuka bila kutoa maji mengi. Gramu 200 ni karamu, gramu 100 zinatosha. Ukikosa kabisa, chukua mkate uliokauka, uuvunje uwe unga, uuchanganye na kijiko cha margarini na utawanye juu. Utapata ganda la dhahabu na watoto watagombania pembe.

Kuoka bila furu

Wengi wetu hatuna furu, na wenye nayo wanangoja umeme. Mbabula inaoka vizuri. Siri ni kwamba moto mwingi ukae juu, si chini.

Chukua sufuria nzito yenye kifuniko cha chuma kilicho bapa. Paka margarini ndani, tia makaroni yaliyochanganywa na sosi, sawazisha, weka fromaji juu. Acha nafasi ya vidole 3 kati ya chakula na kifuniko. Gawa makala yaliyoshika moto: sehemu moja chini, sehemu mbili juu ya kifuniko. Baada ya dakika 25 mpaka 35, sosi inatoa mapovu pembeni na juu kuna rangi. Ukifungua kutazama, inua kifuniko taratibu, majivu yasianguke ndani.

Kama sufuria yako ni nyembamba, chini itaungua. Weka ndani ya sufuria kubwa mawe 3 madogo yaliyo makavu kabisa, kisha juu yake sahani ya chuma yenye makaroni, ufunike kubwa. Tunasema makavu kwa sababu jiwe lenye maji ndani linaweza kupasuka motoni.

Fanya kazi hii nje au mlango na madirisha yakiwa wazi. Moshi wa makala unaouona si mbaya kuliko hewa usiyoiona wala kuinusa, ile inayotoka kwenye makala mekundu na kuua watu usingizini. Mbabula isilale ndani ya nyumba, hata kukiwa na baridi.

Mwenye furu aweke digrii 180, dakika 25 mpaka 30. Kwa njia zote mbili, ukishatoa ngoja dakika 10 kabla ya kukata. Sosi inatulia na kipande kinasimama chenyewe kwenye sahani.

Njia ya kuloweka, kwa siku makala yamepanda bei

Wamama, njia hii tunaipenda sana. Makaroni yanaweza kunywa maji bila moto. Tia makaroni ya bomba ndani ya maji safi ya baridi, yafunikwe vizuri, uyaache saa moja mpaka saa moja na nusu, ukikoroga mara mbili tatu. Yatageuka meupe na kupindika bila kuvunjika. Hayajaiva, yamekunywa tu. Yachuje, uyachanganye na sosi yenye moto, uongeze kikombe kimoja cha maji na chumvi kidogo, kisha uoke kama kawaida. Yataiva ndani ya sosi.

Hapa hakuna sufuria ya kuchemsha, hakuna kumwaga maji ya moto, hakuna nukta nyeupe ya kutafuta. Ni kazi ambayo hata binti wa miaka 12 anaweza kusaidia bila hatari. Masharti ni mawili: sosi iingie ikiwa inachemka, na chakula kitoe mapovu mpaka katikati kabla ya kukitoa motoni. Onja moja la katikati. Likiwa bado na chaki ndani, rudisha dakika 5.

Mkipika kwa ajili ya wengi

Vikundi vinavyopika kwa sherehe vikumbuke hesabu hii. Pakiti ya gramu 500 pamoja na sosi yake inashibisha watu wazima 6 ikiwa ndiyo chakula kikuu. Kwa watu 50 ni pakiti 8 au 9. Kama kuna wali, ndizi na nyama pembeni, 5 zinatosha.

Msichemshe zote pamoja. Katika sufuria kubwa ya chini yanaiva na kupondeka, ya juu bado mabichi. Pikeni kilo moja moja katika litre 6 za maji. Maji hayohayo yanaweza kupika kilo ya pili na ya tatu, mkiongeza maji ya moto na chumvi kidogo. Kila kilo ikitoka, ipozeni kwa maji safi, tieni mafuta kidogo, itandazeni kwenye sinia safi na kuifunika kwa kitambaa dhidi ya nzi. Mmoja wenu awe na kazi ya kuonja peke yake. Wakionja watano, kila mmoja atakuwa na jino lake na hamtakubaliana.

Yaliyobaki

Chakula cha sherehe mara nyingi kinabaki, na ni vigumu kukitupa. Lakini makaroni, kama wali, yana hatari yake. Kuna kidudu kidogo sana ambacho mbegu zake hazifi hata maji yakichemka. Chakula kikikaa uvuguvugu saa nyingi, zinaamka, zinazaana na kuacha sumu. Sumu hiyo haiondoki ukipasha moto tena. Katika mwaka wa 2008, huko Ubelgiji, kijana wa miaka 20 alikufa baada ya kupasha na kula spageti yenye sosi ya tomati iliyokaa siku 5 nje ya friji. Waganga waliandika habari yake ili wengine wajifunze.

Kwa nyumba isiyo na friji, kanuni ni moja: yaliyookwa leo yaliwe leo. Yasikae zaidi ya saa 2 bila moto. Ni afadhali kuwaita watoto wa jirani kabla ya jua kuzama kuliko kuyaweka mpaka kesho. Mwenye friji ayaweke ndani yakishapoa, ayale kesho yake au kesho kutwa, yakiwa yamepashwa mpaka moshi unatoka katikati.

Kazi ya juma

Msingoje sherehe ili mjaribu. Binti anayeanza apewe gramu 250 tu, nusu ya kila kitu tulichoandika, siku ya kawaida, bila wageni. Mama akae karibu, mikono nyuma. Amwache aume makaroni dakika ya 6, ya 7, ya 8, atazame nukta nyeupe ikipungua mpaka aijue kwa macho yake. Atakula makaroni manne kabla ya chakula, si hasara. Kujua hivyo kunabaki naye hata atakapopika kwenye jiko la mkwe wake, katika mji mwingine, na sufuria asiyoizoea.

Vikundi vilivyo na wanachama wapya vinaweza kufanya jambo hilo pamoja mkutano ujao: kundi moja lichemshe, lingine liloweke, kisha mfananishe ladha na makala yaliyotumika. Mtuletee majibu, tutayaandika hapa.

Juma lijalo tutaongea juu ya kukausha sombe na lengalenga wakati wa kiangazi, ili mboga isikosekane nyumbani.